Kikohozi Kilichovuka Kichochoro

Nyumba yetu na nyumba ya jirani zilikaribiana hivi kwamba jua likipita kichochoroni lilipita kwa adabu, kama mgeni anayekatiza katikati ya wanawake waliokaa. Lilianza ukutani kwao, likashuka taratibu, likavuka mtaro, likapanda ukutani kwetu, kisha likaenda zake. Dirisha la chumba cha mama lilitazamana na dirisha la jirani yake, na baina ya madirisha hayo ilizunguka kamba juu ya makapi mawili. Baba ndiye aliyeyafunga. Alifanya kazi bandarini maisha yake yote, na aliamini hakuna jambo zito duniani ambalo kapi na kamba nzuri haviwezi kulivuta. Kwenye kamba ile kilining'inia kikapu cha ukili, na ndani ya kikapu zilivuka sahani za mbaazi, samaki wa kupaka, ndimu, chumvi, sindano na uzi. Kapi la upande wetu lililia kila likizunguka. Hata leo nikisikia mlango unaolia namna ile, harufu ya iliki hunijia kabla sijageuka kutazama ni mlango wa nani.

Sahani haikurudi tupu. Ukipeleka samaki, sahani yako itarudi na ndizi, au na kaimati, au ikiwa hali ni ngumu, na majani ya mkadi. Hilo kila mtu wa Mji wa Kale alilijua. Lakini ilikuwako desturi nyingine ambayo mama aliishika kuliko zote: ukipika kitu chenye harufu, na harufu ikatoka dirishani, basi ushamtia jirani hamu, na ni lazima umpelekee, japo kijiko. Mama alikuwa akikaanga kitunguu tu, mkono mmoja umeshaanza kutafuta sahani. Nilimtania kwamba iko siku atampelekea jirani moshi kwenye bakuli.

"Cheka," alinijibu. "Harufu ina haki yake."

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo mambo ya vidonge hayaeleweki, na mimi mwenyewe nilichelewa kuyaelewa.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, na hasira zangu nilirudi nazo zote, sikumwachia yule mwanamume hata moja. Kutwa nilikuwa nauza leso katika duka moja la Biashara Street. Ilikuwa miaka ya tisini, na ukinisikiliza mimi, presha iliingia mjini kama mtindo mpya. Wanawake walisimama mbele ya meza yangu, leso imekunjuliwa, na kabla hawajauliza bei waliulizana habari za dawa. Changu chanivimbisha miguu. Changu chanipeleka chooni hata nikiwa nasali. Changu chanilegeza, mwenzangu, nakaa kama ugali wa jana. Walilinganisha vidonge kama walivyolinganisha leso: hii yachuja, hii haichuji, hii yakaa vizuri mwilini. Daktari alikuwa mtu mmoja tu kati ya wengi waliotoa maoni.

Mama na jirani yake walikuwa na presha wote wawili. Jirani alikuwa mjane, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu, aliyeletwa Mombasa kutoka Lamu akiwa bibi harusi. Alikuwa akimeza vidonge vyeupe, enalapril, ambavyo mwenyewe aliviita vile vya chokaa. Vilimshushia presha vizuri, lakini vilimpa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuingia. Kilianza baada ya sala ya alfajiri na kikaendelea hadi chai. Kichochoro kizima kilikizoea. Watu walimpa asali, wakampa tangawizi, wakampa habasoda, na kikohozi kikayapokea yote kwa heshima na kuendelea na shughuli zake.

"Afadhali nikohoe nisimame," alisema, "kuliko ninyamaze nianguke."

Mama alikuwa na dawa nyingine iliyomsumbua tumbo, na daktari akambadilishia. Nilikwenda naye mimi dukani kuchukua hiyo mpya. Mwenye duka la dawa alikuwa Mhindi, mzee wa msikitini, kofia yake nyeupe haijawahi kupata doa. Alitutolea vidonge vya rangi ya waridi, vidogo, vizuri, vya kutamanisha. Jina lake propranolol, nililisoma kwenye karatasi nikashindwa kulitamka. Kabla hajavitia kwenye bahasha ndogo, alimtazama mama juu ya miwani.

"Mama, kifua yako iko salama? Pumu hapana?"

Mama alilichukulia kama tusi. "Kifua changu kizima, alhamdulillahi. Nikiita hapa, wanisikia kule kivukoni Feri."

Mzee akacheka, akafunga bahasha. Swali lile lilikuwa la mama, akalijibu mama, na likaishia pale pale kwenye meza ya kioo.

Baba alikuwa amefariki kitambo, kwa maradhi mafupi. Tangu siku ile mama hakumwota hata mara moja. Hakulia mbele za watu, ila hilo lilimuuma, na mara kwa mara alilisema huku akikunja nguo, kama anayemlalamikia mtu aliyechelewa kurudi kazini. "Hata usingizini haji. Kwani njia ameisahau?"

Na sasa, siku chache baada ya kuanza vile vya waridi, akaja. Asubuhi moja niliamshwa na mikono ya mama shingoni mwangu, baridi kama imetoka mtungini, nikaruka kitandani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, leso imemteremka begani, na uso wake ulikuwa uso wa msichana.

"Nimemwona babako," alisema.

Alimwona akipanda ngazi na fenesi begani. Hiyo ilikuwa tabia yake ya kweli: akitumwa Marikiti alete mchicha, atarudi na fenesi zima, la kulisha arusi, na nyumba itanuka siku nyingi. Katika ndoto alikuwa amevaa shati lake la bandarini. Fenesi lilikuwa la kijani ambacho mama hakuwahi kukiona duniani. Ngazi zilimeremeta kana kwamba zimepakwa samli. Baba alilitua fenesi sakafuni, akanyoosha mgongo, akasema, "Lete mafuta. Ulimbo huu." Kwa maana fenesi halipasuliwi kwa mkono mkavu wala kisu kikavu, ulimbo wake hung'ang'ania. Mama akaingia jikoni kutafuta mafuta ya nazi, na jiko likawa refu, likawa na vyumba, na vyumba vikawa na madirisha yenye bahari, akafungua kabati baada ya kabati, na huku anamsikia baba sebuleni anapiga chafya, na akaamka.

Tulikaa pale pale kitandani mpaka chai ikachemka na kumwagika. Nilikuwa mtu mzima mwenye talaka, lakini nilimuuliza kama mtoto, "Aliniuliza mimi?"

"Hakuwahi. Nilikuwa natafuta mafuta."

Ndoto zile zikawa nyingi. Asubuhi zetu zilibadilika. Mama aliamka mzito, macho yake bado yamo kule alikotoka, akatembea polepole ukutani kama ambaye sakafu hajaiamini, akaja kunihadithia. Mara baba alikuwa sokoni anagongagonga mafenesi kwa kidole na kuyasikiliza. Mara alikuwa mlangoni anavua viatu. Lakini mwisho ulikuwa ule ule: lete mafuta, na mama huamka kabla hajayapata. Akaanza kulala na kichupa cha mafuta ya nazi karibu na mto. Nilicheka, nikanuna, kisha nikamnunulia kichupa kikubwa zaidi. Mimi baba hakuwahi kunijia, wala kwa kidonge wala bila kidonge, na wivu niliouona kwa bahasha ile ya waridi siwezi kuuficha.

Kwetu maiti akikujia usingizini na kuomba kitu, unakitoa sadaka. Nikatumwa Marikiti nikanunua fenesi, hamali akalisukuma kwa mkokoteni mpaka kwenye kona yetu, nasi tukajipaka mafuta hadi kwenye viwiko, tukalipasua. Nyumba yote ikawa tamu. Sahani zikaenda juu na chini, na moja ikapanda kikapuni, kapi likalia, ikavuka kwa jirani.

Ilirudi na visheti. Na pamoja na visheti likarudi swali. Jirani aliegemea dirisha lake, mkono mmoja kinywani kwa kikohozi.

"Shoga, huyo mumeo yuwaja vipi? Wamwona uso?"

"Namwona uso, namwona kucha," mama akasema. "Namwona mpaka kile kidonda cha kunyolea."

Jirani akaushusha mkono kinywani. Kikohozi kilikuwa kimemwacha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi. Alipata ajali ya gari huko huko, akazikwa huko huko, na simu ilipofika kwa mama yake alikuwa ameshatiwa mchangani. Mama yake hakumwosha, hakumbusu, hakuliona kaburi. Aliondoka kwetu kijana wa kidevu laini, na watu waliorudi kutoka kule walisema alikuwa amefuga ndevu. Hilo ndilo lililomkaa jirani moyoni kuliko kifo chenyewe, nafikiri. Alinambia siku moja tukianika nguo: "Siyui ndevu zake zilikuwaje. Mtoto nimemzaa mimi, na uso aliokufa nao siuyui." Alisoma dua zote alizofundishwa, alilala na udhu, alilala upande wa kulia, na mtoto hakumjia. Kutwa alikuwa na hofu moja, kwamba mwanawe ameondoka na kinyongo.

Na mama, kila asubuhi, akafungua dirisha na kumhadithia ndoto. Alihadithia vizuri mno. Alimhadithia rangi ya ngazi, na harufu, na chafya ya baba. Mimi nilikuwa ndani nikifunga buibui langu nikienda kazini, na nilisikia raha, wala haikunipitia akilini kwamba ile ilikuwa harufu ya chungu, na ilikuwa inavuka dirisha.

Kisha mvua zikaja. Ulikuwa mwaka ule ambao mvua zilikataa kukatika, kuta za mawe zikatoa jasho, leso zikakaa kwenye kamba mpaka zikaota ukungu, na kichochoro kikawa mto mdogo wenye maganda ya ndizi. Siku zilifanana. Watu walizungumza kwa sauti ya chini, kama walioko ndani ya pamba. Katika siku hizo hizo mama akaacha kunihadithia ndoto.

"Baba hakuja?"

"Amepumzika."

"Na mikono yako ina moto."

"Kwani wataka iwe baridi?"

Nikamwacha. Nilidhani ni huzuni ya mvua. Wiki zikapita, na asubuhi moja nikiwa bado kitandani nikasikia kikohozi. Kwanza sikukijali. Kikohozi cha alfajiri kilikuwa sehemu ya kichochoro chetu, kama adhana na kama paka. Nililala nikikisikiliza, nusu macho nusu usingizini, na kitu kikawa hakikai sawa. Ilinichukua muda kukijua. Kikohozi kilikuwa kinatoka upande usio wake. Kilikuwa ndani ya nyumba yetu, na ng'ambo ya kichochoro, kwa jirani, kulikuwa kimya.

Nilimpa mama tangawizi. Nikampa asali. Kesho yake kikarudi, kikavu, hakina homa, kinabisha hodi na hakiingii. Nikasimama mlangoni mwa chumba chake na kukisikiliza, na nikakitambua, maana nilikuwa nimekisikia kila siku tangu nirudi.

"Mama, hiki si kikohozi chako," nikasema. "Hiki ni cha jirani."

Akakohoa. Akatazama dirishani. Mama hakuwa na ujuzi wa kuficha kitu. Ukimgusa tu, hutoka chote.

"Nimempa vyangu," alisema, "naye amenipa vyake. Mpaka mwanawe aje. Akija tu, twarudishiana."

Nilipiga kelele, sitakataa. Nilisema dawa si mbaazi. Nilisema hata punda ana dawa yake. Mama alisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole, na ndipo nilipoelewa: "Kila siku namfungulia dirisha namnusisha ndoto zangu. Mwenzangu ana njaa ya mtoto. Ningekula peke yangu mpaka lini?"

Nikafungua dirisha nimgombeze na jirani pia. Alikuwa amekaa pale pale, ameegemea ukuta, macho yake yana ule uzito niliouona kwa mama. Hakukohoa. Alinitazama kama anayenikumbuka kutoka mbali.

"Naota, mwanangu," alinambia. "Naota Mombasa nzima. Nimemwota muuza mkaa. Nimemwota Mhindi wa dawa na kofia yake. Usiku wa juzi nimemwota hata babako, apita kichochoroni na fenesi lake, akanisalimia, akenda zake. Wote waja. Yeye tu haji."

"Basi virudishe," nikasema.

"Leo nimemeza viwili," alisema. "Labda kimoja hakifiki Uarabuni."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona mabega yake. Yalikuwa yanapanda na kushuka, na baina ya maneno alikuwa akinyoosha shingo kama anayechungulia juu ya ukuta. Nikasikia filimbi ndogo kifuani mwake, ikilia na kila pumzi, kutoka kule kwake hadi kwangu.

"Una pumu?" nikauliza.

"Nilikuwa nayo utotoni," akasema. "Ya Lamu. Niliiacha huko."

Mama, nyuma yangu, akaweka mkono kinywani. Nilijua kwamba wote wawili, mimi na yeye, tulikuwa tunamwona yule mzee na miwani yake, na swali ambalo halikuvuka kichochoro pamoja na vidonge.

Niliteremka ngazi, nikavuka maji, nikapanda ngazi za kwao. Nilipofika maneno yalikuwa yamemwisha, yamebaki macho tu na ile filimbi. Gari haliingii kichochoroni kwetu. Mpangaji wa chini na mimi tulimteremsha kwenye kiti, na pale konani alikuwapo hamali mmoja Mgiriama, amejikinga mvua chini ya baraza na mkokoteni wake. Alimwaga viazi vya watu barazani, akatandika gunia, tukamkalisha jirani juu yake, tukamfunika karatasi ya nailoni, na mama akapanda nyuma amemkumbatia kumzuia asianguke. Tukaenda hivyo mpaka barabara kubwa. Mvua ilikuwa imetulia na kuwa manyunyu, mji wote umefifia, milango imefungwa, na mimi nilikuwa nikikimbia kando ya gurudumu nikimwomba Mungu kwa sauti, bila haya. Niliogopa. Niliogopa kwamba mama atamuua rafiki yake kwa ukarimu, na kwamba yeye mwenyewe hataishi baada ya hapo. Hamali alisukuma bila kugeuka mpaka tukapata teksi.

Hospitali walimtia mashine ya mvuke usoni. Daktari alikuwa kijana aliyechoka. Aliuliza dawa anazotumia mgonjwa, na mama akatoa chini ya buibui bahasha zote mbili.

"Hii ya waridi ni ya nani?"

Mama akajionyesha kifua.

"Nani anaimeza?"

Mama akamwonyesha jirani. Jirani, chini ya mvuke, akainua kidole akakiri.

Daktari akakaa. Alitueleza polepole, akiviweka vidonge viwili kwenye kiganja chake, kimoja cheupe na kimoja cha waridi. Vyote vyashusha presha. Cheupe huwakereketa koo baadhi ya watu, na kikohozi kile ni kero ila hakimzibi mtu pumzi. Cha waridi hupoza mikono, hulegeza mwili, na kwa mwenye pumu, hata pumu ya zamani iliyolala, huifunga njia ya pumzi. Huyu mgonjwa asikiguse tena maisha yake. Ana bahati.

"Tena huwaletea watu ndoto," aliongeza. "Ndoto nyingi, kali. Wagonjwa wengi hulalamika."

"Hulalamika?" mama akauliza. Neno lile lilimshinda kabisa.

"Ndio, mama. Ni dawa tu inayofanya hivyo."

Mama alifikiri. "Dawa yamjua mume wangu?" akasema. "Yajua alipenda fenesi?"

Daktari akavirudisha vidonge, kila kimoja kwenye bahasha yake, na nilimpenda kwa kutobisha.

Jirani alirudi nyumbani na vile vyeupe, na kikohozi chake kikamrudia. Mama akarudia vya waridi, na baba akarudi na fenesi. Ungedhani mambo yamekaa sawa. Lakini asubuhi mama alianza kufunga dirisha kwanza, ndipo anihadithie, tena kwa kunong'ona. Ng'ambo kikohozi kilibisha hodi. Mama alisita katikati ya sentensi na kukisikiliza, na ndoto ikapoa mdomoni mwake. Jirani hakuuliza kitu. Kikapu kilivuka na sahani zake kama kawaida, ila kapi ndilo lililozungumza peke yake.

"Napika na dirisha nimefunga," mama alinambia siku moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejionea aibu.

Siku ya kliniki alimwomba daktari wake vidonge vyeupe. Daktari alimweleza kwamba vilivyopo vinamfaa, kwamba vile vingine huenda vikamkohoza. Mama akasema analijua hilo, ameshakohoa, na kikohozi hicho anakitaka. Akaandikiwa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimekasirika hata leso ya kichwani siihisi. Nilimwambia anamfukuza baba. Nilimwambia baba si wake peke yake, ni wangu pia, na mimi sina njia nyingine ya kupata habari zake. Nililia njiani, mbele ya maduka, watu wakitutazama. Mama alinishika mkono kwa ile mikono yake ya baridi.

"Najua, mama," alinambia. "Najua."

Alimaliza kidonge cha mwisho cha waridi, na asubuhi yake alikuja kitandani kwangu, dirisha limefungwa. Baba alikuwa amekuja. Alipanda ngazi peke yake, akalitua fenesi, akasema lete mafuta, na safari hii mafuta yalikuwa pale pale kwenye meko, katika kichupa kile nilichomnunulia mimi. Mama akampaka mikono, kidole kwa kidole. Wakalipasua. Walikuwa wawili tu, na sebule ilikuwa kubwa, na walikula mpaka wakaegemea ukuta. "Akaniuliza hali yako," mama alisema. Nilimwamini wakati ule na namwamini sasa.

Hazikupita siku nyingi kikohozi kikaingia kwetu tena. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, na mama alikuwa amefungua dirisha wazi kabisa, mabawa yote mawili. Alikohoa. Ng'ambo jirani alikohoa. Mama akakohoa tena.

Dirisha la ng'ambo likafunguka. "Wewe!" jirani alisema. "Hicho kikohozi changu chafanya nini kwako?"

"Nimekiomba."

Mvua ilikuwa imekwisha, na jua lilikuwa limefika nusu ya ukuta wao.

"Mjinga we," jirani akasema. "Mjinga mkubwa." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaegemea dirisha kama zamani. "Haya. Nihadithie ile ya mwisho."

Mama akamhadithia. Akamhadithia ngazi, na rangi, na mafuta mekoni. "Na babake huyu alipopanda," akasema, "hakuwa peke yake. Fenesi lilikuwa zito, alishikiwa upande wa pili. Na aliyemshikia ni mwanao."

Jirani alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. "Alikuwa vipi?"

"Mzima. Ana ndevu."

"Ana ndevu?"

"Ndevu fupi, nyeusi, kazichana. Zamkaa, shoga. Akakaa chini akala nasi, akacheka. Hana kinyongo cha mtu."

Mama hakuwahi kunidanganya maishani, hata bei ya nyanya. Aliyasema hayo bila kunitazama. Mimi nazi ilikuwa imekwisha mkononi, nimebaki nakuna kifuu. Nikainuka nikatafute sahani.